Meza Inayofuata Jua

Mzee Bura,

Sijakuamkia. Najua. Umeshaanza kukunja uso huko uliko, unasema yule binti wa kijijini Maretadu tangu nimwache amekuwa kama ndama aliyekata kamba. Vumilia kidogo. Shikamoo yako ninayo, nimeishika tangu ile siku ya hospitali, na utaipata kwa utaratibu wako mwenyewe uliotufundisha. Kwanza nina la kuungama. Padre hukuwa, lakini maungamo yangu uliyasikia wewe kuliko yeye, kwa hiyo endelea na kazi.

Taa niliomba mimi.

Ndiyo, zile zile taa ulizozikataa miaka yote, ukisema zitakuja zenyewe, tusizikimbilie kama watoto wanaokimbilia lori la miwa. Ulikuwa hujamaliza hata msimu mmoja kaburini, mimi nikaandika barua ya maombi, nikaipiga muhuri wa maktaba, nikaipeleka. Muhuri wenyewe ule wako wenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilidhani ungenikatalia hata ukiwa mbali, lakini uligonga vizuri tu.

Ngoja nikuelezee taratibu. Na nitaanza na jengo, si kwamba umelisahau, ila ulipokuwa hai nililisema vibaya sana na leo nataka kulisifia ukisikia. Niliwahi kukuambia kwamba hii si maktaba, hili ni ghala la mahindi lenye vitabu. Ukanijibu, "Kwani nimebisha?" Lilikuwa ghala la ushirika kweli. Kuta za mawe, unene wa mkono mzima. Mlango mmoja, mpana wa kupitisha magunia mawili na mtu mnene katikati. Madirisha manne tu, madogo, yamewekwa juu kabisa chini ya bati ili mwizi asiyafikie, mawili mashariki na mawili magharibi. Aliyejenga alikuwa anawaza mahindi, na mahindi hayasomi.

Kwa hiyo mwanga unaoingia ni kipande kimoja, ukubwa wa shuka mbili zilizotandikwa, na chenyewe hakikai. Asubuhi kinaangukia upande wa magharibi, jua likipanda kinarudi taratibu, mchana kinakimbilia upande mwingine. Mtu mwenye akili angetoboa ukuta aweke madirisha. Wewe ukatengeneza meza moja ndefu ya kukalia watu ishirini na wanne, ya mbao nzito ambazo ukiulizwa ulizitoa wapi unasema "zilikuwepo," ukaamua meza ndiyo itafuata jua. Saa nne, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Unafunga kitabu, unavua miwani, unasema "Tusogee," na watu wazima na akili zao wanasimama kubeba meza.

Nilipoanza kazi nilidhani umerukwa na akili. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Niliingia saa mbili, nikakukuta umeinamia gazeti, nikakuamkia kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Kimya. Nikarudia, kwa sauti ya juu, nikijua masikio ya wazee. Kimya. Nikakaa kwenye kile kigoda nikiwa na machozi, najiuliza nimekosea nini, au mama yangu alikukosea nini. Saa nne mmeinua meza ndipo ukanigeukia: "Marahaba, wewe uliyeniamkia saa mbili. Na ulipiga kelele."

Baadaye ndio Bibi Anastazia, msomaji wako wa siku nyingi, akanieleza. Kwamba mwanzoni, maktaba ilipofunguliwa, hakuna aliyesoma hata mstari. Huku kwetu hupiti mbele ya mkubwa wako mdomo umeufunga, hata anayekuja kukushtaki anaanza na shikamoo. Sasa kila anayeingia alizunguka kusalimia mmoja mmoja, kwa mkono, na baada ya salamu habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, za mgonjwa wa juzi. Akimaliza wa ishirini na tatu anaingia mwingine. Ukiwaambia wanyamaze unawakosesha adabu. Ukiwaacha hakuna maktaba. Ndipo ukatoa sheria yako: ukiingia inamisha kichwa, kaa, soma, shikamoo yako iweke. Meza ikiinuka toa yote uliyonayo. Meza ikitua, kimya.

Na ilikuwa kimya kweli. Hata panya walijua. Halafu "Tusogee," na wakati ule wa kubeba meza hatua kumi na tano, watu walisalimiana, wakapeana pole, wakaulizana bei ya ndama, wakasuluhisha mpaka wa shamba. Mimi nimeshuhudia posa ikikubaliwa kati ya ukuta wa magharibi na nguzo ya kati. Ndiyo maana hatua zile kumi na tano mlizitembea robo saa nzima, na mikono ikitetemeka.

Bibi Anastazia mwenyewe ndiye alikuwa mfano. Miaka kumi na moja anasoma kitabu kimoja, kile cha magonjwa ya nguruwe, ukurasa ule ule wenye picha. Nguruwe hajawahi kufuga. Nilikuuliza mara moja kwa nini usimshauri abadilishe. Ukasema, "Mwache, bado hajamaliza."

Mazishi yako sasa. Hili sijui kama uliliona. Waliobeba jeneza ni watu wa meza, wanane, tena wakasimama katika nafasi zao zile zile, Mzee Boay mbele kulia, Mwalimu Martini nyuma yake. Kwaya inaimba, watu wanalia, mimi siioni hata barabara. Wakainama, wakashika, wakainua. Na walipoinua tu, mikono ikasikia uzito, midomo ikafunguka. "Shikamoo Mzee Boay." "Marahaba, watoto hawajambo?" "Hawajambo, yule wa mwisho anakohoa." "Mpeleke zahanati." Chini ya jeneza, Mzee. Mbele ya padre. Mpaka getini walikuwa wamefika kwenye mahindi yaliyoliwa na ngedere. Padre akasimama, akageuka, akawaangalia. Mwalimu Martini akatahayari, akasema, "Samahani Baba, ni mazoea." Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikatoka, shangazi yangu akanipa kona ya khanga yake. Nilijua ungefurahi. Nilitafuta uso wako nikuoneshe, maana ndivyo nilivyozoea, kisha nikakumbuka uko wapi.

Na shikamoo yangu ndiyo hiyo. Siku ile ya mwisho nilifika hospitali nikiwa na uji kwenye chupa. Ulikuwa umelala. Wodi imetulia, jua limeingia dirishani, limekupiga miguuni. Nikainamisha kichwa kama ulivyonifundisha, nikakaa, nikanyamaza, nikisubiri uamke nikuamkie. Nesi alikuja akakugusa, akaniambia nitoke nje. Nikatoka na uji wangu na shikamoo yangu. Juzi yake ulikuwa umeniambia, "Resti, meza isogezwe," nikaitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa, naam, naam, kunywa maji. Nilidhani homa ndiyo inasema.

Sasa sababu ya taa. Watu niliwaambia ni macho ya wanafunzi, na mgongo wangu. Wewe nakuambia ukweli. Kila tulipoinua meza, kona yako ilizama. Ile ya karibu na mlango, uliyokuwa unashika wewe na hukumruhusu mtu. Hakuna aliyethubutu kuishika. Tulibeba pembe tatu, ya nne ikiburuzika chini, ikikwaruza saruji, na kwa ule mkwaruzo nilitamani kuziba masikio. Mara nne kwa siku unakufa upya. Nikasema basi, meza isimame.

Fundi umeme alikuja, kijana mstaarabu sana, akaning'iniza taa kumi na mbili, na nyingine ndogo akazifunga juu ya meza yenyewe. Na kwa kuwa nyaya zilipanda mguuni mwa meza, akaifunga meza chini kwa bolti nane ili watu wasizikate. Watu walipiga makofi. Mwalimu Martini alisoma kile kitabu chake kwa mara ya kwanza bila kukisogeza puani. Mimi nikajiona mkombozi.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Watu waliingia, wakainamisha vichwa, wakakaa, wakasubiri. Saa nne ikapita. Wakanitazama. Saa sita ikapita. Jioni waliondoka na shikamoo zao tumboni, na huko barabarani kila mtu alikuwa na haraka. Hakuna aliyethubutu kuvunja sheria yako, na mimi nisingeweza kuifuta, ningeifuta kwa mamlaka gani, mimi niliyekuja hapa kushika ufagio? Mzee Boay alikaa siku tatu meza moja na mkwewe, uso kwa uso, bila salamu. Mkwe akaenda kusema huko kwao kwamba amedharauliwa. Wazee wawili wakasafiri kwenda kusuluhisha, mbuzi akachinjwa. Mzee Boay akaacha kuja. Wengine wakafuata. Bibi Anastazia ndiye wa mwisho, alifunga kitabu cha nguruwe, akakiweka katikati ya meza, akaniambia mlangoni, "Mwanangu, nyumba yako ina mwanga mzuri. Lakini siwezi kukaa mahali ambapo sijaulizwa nimeamkaje."

Nikabaki na wanafunzi wawili na Mwalimu Martini, ambaye chini ya taa zile alikuwa analala. Halafu ikaja barua kutoka mkoani. Atakuja afisa kukagua. Jengo likionekana halina wasomaji, vitabu vitapakiwa kwenye maboksi na jengo litakuwa stoo ya mbolea. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, ilikuwa ile ile. Mzee, nikaona nimekuzika mara mbili, na hii ya pili kwa mkono wangu.

Nikazunguka. Siku ya mnada nilipita kila zizi, nikaenda mpaka kwa Mzee Boay, nikapiga magoti kwenye mbolea ya ng'ombe, sketi mpya. Niliwaomba waje siku moja tu, wakae, waonekane. Hawakuuliza mengi. Walisema watakuja kwa ajili yako, wala si kwa ajili yangu, nikasema sawa.

Wakaja. Watu arobaini, Mzee, na meza ya watu ishirini na wanne. Waliokosa nafasi walisimama ukutani wamefungua vitabu. Bibi Anastazia na nguruwe wake. Kimya kiasi kwamba nilisikia bati likipanuka kwa jua. Afisa akaingia saa tatu na nusu, mzee wa watu, amebakiza kidogo kustaafu, mtu wa Lindi, amevaa suti nyepesi kwenye baridi hii yetu ya mwezi wa saba. Meno yanagongana. Akasimama mlangoni akitegemea apokewe.

Watu arobaini wakainamisha vichwa, wakarudi kwenye kurasa zao.

Nilimwona uso ulivyobadilika. Mzee wa umri ule, mgeni, kasafiri tangu alfajiri, na hakuna hata mtoto aliyemwambia shikamoo. Huko kwao nako ni watu wa salamu kweli kweli. Akazunguka rafu, akagusa vitabu, akarudi, akaketi kwenye nafasi aliyopishwa pembeni ya Bibi Anastazia, aliyemsogezea kitabu kidogo ili naye aone picha. Akatoa karatasi. Nilisimama nyuma yake na kusoma alichoanza kuandika, Mungu anisamehe: "Wasomaji wapo, ila jamii haina uhusiano na…" Hakumaliza. Akafunga kalamu, akaninong'oneza kwamba ameona ya kutosha.

Hapo ndipo mdomo ulipofunguka wenyewe. Sikupanga. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro, meza imefungwa bolti nane, na mimi nikasema kwa sauti yako ile ya puani: "Tusogee."

Watu arobaini walisimama kwa pamoja. Wakashika. Wakainua. Meza haikutikisika. Wakajaribu tena, mgongo wa mtu mmoja ukalia. Afisa akaniangalia kama anayetazama nyumba inaungua. Ndipo Mzee Boay, ambaye ujana wake wote aliumaliza chini ya matrekta kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, akaingiza mkono kwenye koti na kutoa spana. Yuko na spana kanisani, yuko na spana msibani, mkewe anasema analala nayo. Akaniambia, "Zima umeme kwanza." Nikakimbilia swichi kubwa, nikazima.

Giza la ghala likarudi. Na pale, kwenye sakafu ya magharibi, kikaonekana kile kipande chako cha jua. Miezi yote ile kilikuwa kinaingia na kutembea peke yake, sisi tuko chini ya taa hatukioni.

Mzee Boay alifungua bolti nane akiwa amelala chali, akitukana kistaarabu. Nyaya zikachomolewa. "Haya." Wakainua, meza ikapanda pembe tatu, na kona yako ikazama, ikakwaruza. Nani ataishika? Watu wanatazamana. Afisa, aliyekwisha kuinuka aondoke, alikuwa amesimama hapo hapo karibu na mlango, ameona meza inaanguka, akafanya anachofanya mtu yeyote mwenye mikono. Akainama, akashika.

Mzee, salamu zilianguka kama mvua ya mawe. "Shikamoo Mzee." "Shikamoo." "Shikamoo baba." "Umeamkaje?" "Umelala wapi?" "Baridi vipi?" Arobaini, kwa mpigo, na yeye amebeba meza, anahema, "marahaba, marahaba, marahabani," macho yamemtoka. "Ng'ombe hawajambo?" akauliza Bibi Anastazia. "Sina ng'ombe, mama." Meza nusura ianguke. "Mbuzi je?" "Sina." Wakampa pole kwa sauti ya chini, kutoka kila upande, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba, na nilisikia wawili nyuma wakishauriana habari ya kumtafutia mtamba, ng'ombe jike wa kuanzia.

"Na mama watoto, hajambo?"

Akasema, "Mama watoto ametangulia. Mwaka haujaisha."

Meza ikasimama. Hawakuitua, waliishikilia hapo hapo juu, katikati ya ghala, mikono ikitetemeka, na wakampa pole mmoja baada ya mwingine, kwa majina ya marehemu wao wenyewe, mimi nilimzika fulani, mimi fulani. Yeye analia bila kujifuta kwa kuwa mikono ina kazi. Alisema ofisini walimpa pole kwenye kundi la simu. Mzee Boay akasema, "Hiyo si pole, hiyo ni taarifa." Kisha wakatembea zile hatua zilizobaki, wakaiweka meza kwenye jua, wakakaa, na kimya kikarudi. Afisa akakaa nao. Bibi Anastazia akamfunika mabegani kwa shuka yake, akamfungulia kitabu cha nguruwe mwanzo, ukurasa wa kwanza, ambao sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kuuona. Aliondoka saa kumi na moja na nusu. Amebeba meza mara nne.

Nakala ya taarifa yake imefika. Nimeibandika pale palipokuwa na kalenda yako. Inasema jengo linatumika ipasavyo na libaki maktaba. Na chini: "Marekebisho ya mfumo wa umeme yasiharakishwe." Fundi kanipigia mara mbili. Namwambia tunasubiri utaratibu. Usiku wa mitihani tutaziwasha zile za darini kwa ajili ya wanafunzi, hilo usinibishie.

Afisa wakati anaaga aliniuliza kitu kimoja. Aliniuliza mbona pale aliposhika, chini ya meza, mbao zimelika. Nilikuwa sijui. Alipoondoka nikapiga magoti nikapapasa. Vishimo vinne vya vidole, Mzee, laini kama kijiko cha zamani. Miaka yote ile nafagia chini ya meza hiyo na sijawahi kuinua macho.

Jana saa nne nilisema "Tusogee," halafu badala ya kusimama kando na ufagio, nikaenda kwenye kona yako. Wakaniangalia wote. Vidole vyangu ni vifupi, vimepwaya, lakini vimeingia. Tukainua, meza ikapanda sawa pembe zote nne, haikukwaruza. Na hapo nikasema, kwa sauti, mbele ya watu, nikielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu:

"Shikamoo, Mzee."

Hakuna aliyeongea. Ulikuwa wakati wa kuongea na hakuna aliyeongea. Tulisimama na meza juu, mimi uso unawaka, najiona mjinga wa Mbulu nzima. Kisha Bibi Anastazia, kutoka kona ya pili, bila hata kunitazama, akanijibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimempokelea. Sasa tembea, mikono inauma."

Nikatembea.

Pumzika, Mzee Bura. Meza itasogea, na kona ninayo mimi.

Binti yako wa Maretadu,
Restituta